Phoenix yenye injini: matundu tisa, jozi kumi za spoku

3 Mei

Boksi la seti ya kufunga injini kwenye baiskeli limefika na basi la jioni kutoka Dar, limefungwa kamba ya katani, jina langu limeandikwa kwa makapeni. Nimelibeba begani kutoka stendi ya Msamvu hadi kwenye bajaji. Ni zito kupita nusu debe la mahindi. Ndani kuna injini ya tuu-stroki (zile zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili), tangi jeusi la lita mbili na nusu, kabureta, ekzosti fupi, kisanduku cha CDI kinachopeleka umeme kwenye plagi, sproketi ya meno 44, cheni pana, mkono wa klachi, na mfuko wa nailoni uliojaa nati na bolti ambazo kila aliyewahi kuzigusa ameniambia nisiziamini.

Ubavuni mwa boksi imeandikwa 80cc. Nimefungua kichwa cha silinda nikaweka kalipa ya kupimia: kipenyo milimita 47, pistoni inasafiri milimita 38. Piga hesabu, ujazo unakuja cc 66 hivi. Hiyo 80 ni ya boksi.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza pampu za kupulizia dawa na misumeno ya mnyororo hapa Kihonda, Morogoro. Injini za aina hii nazifungua huku napiga stori. Kwa hiyo nimejipa wiki mbili. Baiskeli ipo tayari: Phoenix ya marehemu baba, ile ndefu nyeusi ya breki za fito, yenye keria iliyobeba mkaa kutoka porini miaka isiyohesabika.

5 Mei

Injini imekaa kwenye fremu kwa saa mbili tu, pamoja na kunywa chai. Bomba la siti na bomba la chini la Phoenix yana unene wa karibu milimita 28, na mabano ya injini yalikuja ya kiasi hichohicho. Pembe tatu ya fremu ni kubwa, hata kabureta imepata nafasi ya kupumua. Bolti za mabano nimetupa zote, nimeweka za chuma kigumu nilizotoa dukani kwangu, na chini ya kila bano nimezungushia ukanda wa tyubu ya ndani ili chuma kisitafune fremu. Nyembamba sana lakini. Raba ikiwa nene injini inacheza, na injini inayocheza inakata bolti.

Nilienda kulala nikijiona nimemaliza.

11 Mei

Sijamaliza. Sijaanza.

Sproketi ya injini inafungwa upande wa kushoto wa gurudumu la nyuma, moja kwa moja kwenye spoku. Unaweka duara la raba nje ya spoku, jingine ndani, mabamba ya chuma nyuma yake, halafu bolti tisa zinapita katikati ya spoku na kubana kila kitu kama sandwichi. Nilipanga raba juu ya gurudumu, tundu la kwanza likakaa vizuri, la pili likagusa spoku kidogo, la tatu likawa juu ya spoku kabisa. Nikageuza. Hivyohivyo. Nikadhani raba imetobolewa vibaya kiwandani, nikaanza kulaani.

Nikapeleka gurudumu kwa mzee wa baiskeli pale njia panda. Nilimwamkia, akaitikia, akaliweka gurudumu mapajani na kupitisha vidole kwenye spoku mojamoja bila kuangalia, kama mtu anayehesabu tasbihi.

"Umehesabu spoku, mwanangu?"

"Hapana, mzee."

"Hizi ni arobaini. Mbele thelathini na mbili, nyuma arobaini. Ndiyo maana inabeba gunia. Hizo baiskeli za giya za vijana ni thelathini na sita mbele, thelathini na sita nyuma."

Basi ndiyo siri yenyewe. Spoku 36 maana yake 18 kila upande, jozi tisa, bolti tisa. Spoku 40 maana yake 20 kila upande, jozi kumi. Aliyebuni seti hii alikuwa anaangalia baiskeli ya giya, si Phoenix. Nimekaa na injini za watu miaka yote hii halafu nashindwa na hesabu ya darasa la pili.

Vijana wa bodaboda pale kijiweni walinipa ushauri bure: "Fundi, funga bolti zinazoingia, hizo nyingine muachie Mungu." Zinazoingia ni tatu.

18 Mei

Jaribio la kwanza: fundi wa grili amejaza yale matundu tisa ya sproketi kwa kuchomelea, tukasaga, tukapima upya nyuzi 36 kila moja, tukatoboa kumi. Kwa macho ilikuwa safi. Nikaifunga, nikageuza baiskeli miguu juu, nikashika kipande cha chaki karibu na meno huku gurudumu linazunguka. Chaki iliandika nusu ya duara tu. Nusu nyingine ilikuwa mbali kwa milimita tatu. Moto wa kuchomelea umeikunja sproketi kama chapati iliyokaa sana kikaangoni.

Milimita tatu hazionekani kuwa kitu mpaka ukumbuke kwamba cheni inapita hapo mara nyingi kwa dakika. Itaruka. Na ikiruka itaingia kwenye spoku.

25 Mei

Nimeenda kwa mkereza vyuma. Amechukua bamba la milimita 6 akalikereza duara, akatoboa matundu 10 ya ndani kwa ajili ya spoku, na sita ya nje ya kushikia sproketi mpya. Kwa hiyo spoku hazishiki tena sproketi; zinashika bamba, na bamba linashika sproketi. Unene wa bamba uliisukuma sproketi nje, cheni ikawa imepinda kuelekea injini. Tukaigeuza sproketi, kile kibonyeo chake kikaangalia ndani, cheni ikanyooka. Hilo la kugeuza ni wazo lake, na hakunitoza.

Raba ndiyo iliyonifurahisha. Raba za seti zilikuwa na matundu tisa, hazifai. Nikaenda kwa mshona katambuga, yule anayekaa chini ya mwembe na rundo la matairi ya lori. Nilimwonyesha bamba, akauliza hii ni soli ya kiatu gani. Akachagua ubavu wa tairi ambao hauna nyuzi za waya, akachovya kisu kwenye kopo la maji ya sabuni, akakata maduara mawili kwa mkono mmoja bila kuinua kisu mpaka akarudi alipoanzia. Kisu kikavu kinang'ang'ania raba. Chenye sabuni kinateleza. Raba zile ni ngumu kuliko za kiwandani, na nina hakika zitaishi kuliko mimi.

Chaki leo imeandika duara zima, laini. Tofauti labda nusu milimita.

1 Juni

Waya za injini na za CDI: bluu kwa bluu, nyeusi kwa nyeusi. Kuna waya wa tatu mweupe unaotoka kwenye injini. Huo nimeufunga utepe na kuuacha, maana ukichukua umeme wa taa hapo unaipunguzia plagi yake. Swichi ya kuzimia nimeiunga kati ya bluu na nyeusi.

Mafuta: huu ndio uwanja wangu. Wateja wangu wanaua pampu kila msimu kwa kukadiria oili kwa kifuniko cha soda. Mimi nina bomba la sindano la mililita 20. Kwa injini mpya nachanganya moja kwa kumi na sita, yaani karibu mililita 62 za oili kwa lita ya petroli, bomba tatu na tone. Baada ya matangi mawili au matatu nitashuka hadi mililita 40. Oili ya tuu-stroki ya kopo, si oili ya kupimiwa ya injini ya gari.

Kuwasha: unavuta klachi, unakanyaga pedali mpaka baiskeli ishike mwendo, unaachia klachi polepole. Mara ya kwanza ilikohoa. Ya pili ikakohoa na kutema moshi. Ya tatu nikakumbuka kufungua koki ya tangi.

Ikawaka. Jirani alitoka ndani akiuliza nani anapuliza dawa jioni yote hii, maana sauti ni ileile ya pampu ya mgongoni. Nilizunguka mtaa mara nne na watoto nyuma. Silensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa umeachia mafuta, ilikuwa juu mno, nikaishusha, ikatulia.

Mwendo nilishaukadiria kwenye karatasi. Ndani ya injini giya zinapunguza mara 4.1, nje sproketi ndogo ina meno 10 na kubwa 44, yaani mara 4.4; zizidishe unapata 18. Gurudumu la nyuma nimelizungushia uzi: mita 2 na sentimita 24. Injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, baiskeli inatembea kilomita 30 kwa saa. Simu mfukoni ilisema 31. Kwa injini mpya hiyo inatosha, na zaidi.

Kisha nikashika breki.

8 Juni

Wiki nzima nimekuwa nikiwaza breki tu. Fito za Phoenix zinavuta vipande viwili vya raba juu, vinakandamiza rimu ya chuma kwa ndani. Kwa mtu anayekwenda msikitini au sokoni kwa mwendo wa kilomita 15 zinatosha. Lakini nguvu ya kitu kinachokimbia inapanda kwa mraba wa mwendo: kutoka 15 hadi 35 mwendo umezidi mara mbili na kitu, ila kazi ya breki imezidi mara tano na nusu. Na rimu ya chuma ikilowa, raba inateleza kama mguu kwenye sabuni. Nilimwagia maji rimu kwa makusudi nikajaribu kwa pedali tu, bila injini. Nilisimama kwenye ua wa jirani.

Hapa ndipo nilipokubali kwamba injini ilikuwa kazi ya saa mbili, na baiskeli ndiyo mradi. Kila kipande cha Phoenix kilitengenezwa kwa ajili ya mguu wa binadamu. Unapoleta injini, kila kimoja kinakuuliza swali lake kwa zamu.

Jibu la breki nimelipata kwenye baiskeli ya umeme iliyokufa betri, ikauzwa kwa kilo. Gurudumu lake la mbele lina breki ya drami, inchi 26. Phoenix ni inchi 28, na kwa breki ya rimu ungesema haiwezekani, vishikio havitafika. Drami haijali. Breki iko katikati kwenye haba, kitovu cha gurudumu, rimu iwe ndogo, iwe kubwa. Uma wa mbele nimeutanua kidogo kwa ubao na jeki ya bajaji, taratibu, nikipima pande zote mbili. Kitu kimoja cha kutosahau: ule mkono mfupi wa drami lazima ufungwe kwenye uma kwa kibano cha chuma. Ukiuacha, siku utakayoshika breki ya nguvu drami nzima inazunguka na gurudumu, inang'oa kebo, na wewe unaruka usukani.

Sasa mbele imeshuka kama sentimita mbili na nusu. Ukiitazama kwa ubavu inafanana na ng'ombe anayekunywa maji. Lakini inasimama. Fito za nyuma nimeziacha kama akiba.

22 Juni

Jana nimerudi kwa miguu.

Niliipeleka kwenye njia ya vumbi ya kuelekea Mkundi, mbali na malori ya barabara ya Dodoma. Kilomita saba za kwanza zilikuwa raha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Upepo, moshi kidogo, mkono wa kulia umezoea kipimo. Treni ya umeme ikapita kwa mbali, nikajidanganya kwamba tunashindana. Halafu kishindo, gurudumu la nyuma likakaza papo hapo, nikaburuta mita kadhaa kama mtu anayevuta jembe.

Seti inakuja na kigurudumu cha kukazia cheni, kinafungwa kwa bano kwenye bomba la nyuma la kushoto. Bomba hilo limechongoka kuelekea nyuma. Bano likilegea kwa mtikisiko linazunguka, na upande pekee linakoweza kuzungukia ni ndani, kwenye spoku. Spoku nne zimekatika, mbili zimepinda, cheni imetoka. Ningekuwa kwenye lami kwa 35, leo angeandika mtu mwingine.

Nilikuwa nimelikaza bano hilo mwenyewe, kwa spana ndefu. Kukaza si dawa pale ambapo umbo lenyewe linasaidia kulegea.

Nilipompelekea mzee gurudumu hakusema neno. Alitoa spoku kwenye kopo la maziwa ya unga, akaanza kuzipima kwa kidole. Baadaye sana, akiwa ananyoosha rimu, akasema kuna baiskeli ya Swala aliyoinunua ujanani, zile zilizoundwa Dar, na hajawahi kuitia hata kengele. Sikujua kama ananisema au anaikumbuka Swala yake. Nadhani vyote.

6 Julai

Kigurudumu nimekiondoa kabisa. Phoenix ina nafasi ndefu ya ekseli nyuma, gurudumu linaweza kuvutwa na kurudishwa, kwa hiyo cheni ya injini naikaza kwa kuvuta gurudumu lenyewe. Tabu ni kwamba cheni mbili zinategemea ekseli moja: ukikaza ya kushoto, ya pedali inakaza kupita kiasi au inaning'inia. Nimehangaika jioni mbili kutoa na kurudisha viungo. Mwisho nimetia kiungo cha nusu kwenye cheni ya injini, nayo sasa inacheza juu na chini kama sentimita moja na nusu. Ya pedali imelegea kidogo zaidi ya ninavyopenda, ila haitoki.

Mke wangu, ambaye tangu mwanzo alisema hapandi, alikuja kuangalia. Nikamsimulia habari za Honda Soichiro. Mwaka 1946, vita imekwisha, Japani hakuna usafiri, jamaa akapata injini ndogo zilizokuwa za kufua umeme wa redio za jeshi, akaanza kuzifunga kwenye baiskeli kule Hamamatsu. Tangi la kwanza lilikuwa chombo cha maji ya moto cha kupashia kitanda. Na mkewe, Sachi, ndiye aliyepewa aiendeshe.

"Kwa hiyo huyo mwanamke alikuwa ndiye jaribio," akasema.

Sikuwa na jibu. Akauliza breki ni ipi, akaishika mara mbili baiskeli ikiwa imesimama, akaniambia nisogee. Alikwenda hadi kwenye mwembe na kurudi, amenyooka mgongo kama yuko kwenye picha ya harusi. Aliporudi hakusema nzuri wala mbaya. Alishika upindo wa kanga yake na kunyoosha kidole kwenye cheni ya kushoto inayozunguka wazi kabisa.

"Na hii umeiona?"

Kulia Phoenix ina kava la cheni tangu kiwandani. Kushoto haikuwahi kuhitaji, kwa sababu hapakuwahi kuwa na cheni. Mimi navaa suruali, sikuliona hilo hata siku moja.

13 Julai

Mtikisiko umelegeza nati mbili za ekzosti na skrubu ya matagadi ya nyuma. Nimebadilisha nati zote muhimu kuwa zile zenye nailoni ndani, isipokuwa za ekzosti, maana nailoni inayeyuka. Hapo nimeweka nati mbili mbili zinazobanana. Kabla ya kila safari napita na spana: mabano ya injini, ekzosti, kabureta, ekseli, kile kibano cha drami. Dakika nne.

Mafuta nimepima: lita moja ya mchanganyiko imenifikisha kilomita 43, nikiwa peke yangu, bila mzigo, njia ya vumbi. Plagi nimeitoa, ina rangi ya hudhurungi kama ganda la karanga. Injini haina kesi.

Kava la cheni nalikata leo kutoka kwenye debe la mafuta ya kula. Kiolezo nimechora kwenye katoni, nimeacha nafasi ya vidole viwili kati ya cheni na bati, na kingo nimezikunja ndani zisikate kitambaa. Bado mabano mawili ya kulishikia, moja kwenye bolti ya injini na jingine nyuma kwenye ekseli. Hilo la nyuma nimelitoboa tundu refu badala ya la mviringo, kwa sababu gurudumu litaendelea kuvutwa kila cheni ikilegea.